Tunduma hadi Lusaka kwa pikipiki: jibu kwa mwalimu wa Makambako

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Makambako. Naendesha Honda CRF250L, huu mwaka wa tatu, na nimeshafika nayo Dar mara mbili na Sumbawanga mara moja. Mwisho wa Juni mtoto wa mama mkubwa anaolewa Lusaka, harusi ni Jumamosi. Nimepanga Alhamisi nilale Tunduma, Ijumaa alfajiri nivuke mpaka, na jioni ileile niwe Lusaka. Ninaambiwa ni kilomita elfu moja na lami tupu. Inawezekana? Halafu nina sare ya harusi na viatu vya kisigino, nivifunge wapi visiharibike? Kaka yangu ananicheka, anasema nipande basi tu."

Marahaba, mwalimu. Kaka yako mwache acheke. Mtu aliyeshuka Kitonga kwa pikipiki, nyuma ya malori yanayonuka breki, hahitaji kufundishwa barabara na abiria wa siti ya dirishani. Kuweza utaweza. Tatizo ni siku yenyewe, haitoshi, na hapo ndipo hesabu yako ilipoteleza.

Kilomita ulizoambiwa ni za kweli. Nakonde, mji wa mpakani upande wa Zambia, hadi Lusaka ni kama elfu moja, na ni lami. Ila anayekuambia "lami tupu" aghalabu ni mtu wa gari, na mtu wa gari likimchwea anawasha taa, anaongeza sauti ya redio, safari inaendelea. Wewe mali yako ni mwanga wa jua. Mwisho wa Juni pale Nakonde jua linachomoza saa 12 asubuhi na dakika chache, na kabla ya saa 12 jioni limeshazama. Una saa 11 na nusu za kuona barabara. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukivuka utarudisha saa yako nyuma, na wengi hufurahi wakidhani wameongezewa muda. Hakuna kilichoongezwa. Jua nalo linazama mapema kwa saa yao.

Sasa mwendo. CRF250L inafika 100 na kupita, lakini mwendo ambao injini ile ya pistoni moja inaimba bila kulalamika ni 85 hadi 90. Toa hapo kujaza mafuta, vituo vya polisi, matuta ya vijijini, malori, kunywa maji, kujinyoosha mgongo. Wastani wa siku nzima unashuka hadi 65, ukiwa na bahati 70. Mimi huandika kila safari kwenye daftari la gereji, na kwa pikipiki za ukubwa huo sijawahi kuona wastani unaozidi 72 kwa siku nzima. Elfu moja gawanya kwa sabini ni saa 14 na zaidi. Bado sijaweka mpaka.

Na mpaka ndio utakaokula asubuhi yako. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde ni kituo kimoja cha pamoja: ukitoka kwetu unamalizia yote upande wa Nakonde, maofisa wa nchi mbili wako jengo moja. Mtembea kwa miguu anapita upesi, na Mtanzania haombi viza. Lakini wewe una chombo, na chombo kina forodha. Utahitaji kibali cha kuingiza pikipiki kwa muda, utalipia kodi ya hewa ukaa na tozo ndogo nyingine zinazolipwa madirisha tofauti, na utaonyesha bima. Hiyo bima ikate huku huku kabla hujaondoka: Kadi ya Njano ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango wa kadi hiyo, na kampuni nyingi za bima mjini zinaitoa. Kadi ya pikipiki iwe halisi, si kopi. Kama bado inasoma jina la aliyekuuzia, nenda kwa wakili upate barua ya idhini yenye muhuri, la sivyo utageuzwa ukiwa umeshaiona Zambia kwa macho. Kibali kile kitunze kama cheti cha ndoa, maana unakirudisha unapotoka. Asiyekirudisha anahesabiwa kaingiza chombo bila ushuru.

Watakufuata vijana wenye vitambulisho vilivyoning'inia shingoni, kila mmoja wakala, na nusu yao ni vishoka. Pikipiki moja yenye karatasi kamili haihitaji wakala. Wewe ni mwalimu, Kiingereza cha fomu hakikusumbui. Panga foleni mwenyewe. Ukianza saa 1 asubuhi unaweza kutoka saa 3, unaweza kutoka saa 5 kama mtandao wa forodha umeamua kupumzika. Sasa chukua hizo saa 14, anza kuzihesabu saa 5 asubuhi, uone unafika Lusaka saa ngapi.

Nilijaribu kuifanya hiyo safari kwa siku moja mwaka 2014, na sikuanzia hata mpakani. Nililala Nakonde karatasi zote zikiwa mfukoni, nikatoka kukipambazuka. Nilikuwa na pikipiki kubwa kuliko yako na kichwa kigumu kuliko chako. Mpaka Serenje nilikuwa mfalme. Baada ya Mkushi mabega yakaanza kuwaka moto. Kapiri Mposhi nikaingia jua likiwa jekundu, nikajaza mafuta, nikajisemea zimebaki 200, nimalizie.

Kati ya Kapiri na Kabwe, giza likiwa limeshika, taa yangu ikaangaza majani. Matawi mabichi yametandazwa kwenye lami, moja, halafu hatua kumi, jingine, halafu jingine. Unajua maana yake, ni lugha ileile ya kwetu: mbele kuna gari limekufa. Mchana ningeyaona kutoka mbali. Usiku ule tairi la mbele lilikuwa limeshapanda tawi la pili ndipo akili ikasoma. Tela lilikuwa limesimama katikati ya njia yangu, halina taa, halina rifleksa, limebeba vitu vyeusi vilivyofunikwa turubai jeusi. Nilipita kulia kwake nikiwa sijui kama kuna kinachokuja. Hakikuja. Nilisimama mbele, nikazima injini, nikasikia wenyewe wako chini ya tela wanazungumza taratibu na kugonga nati, wala hawakujua kama kuna mtu kapita. Miguu ilinitetemeka nikashindwa kutoa stendi. Kuanzia hapo hadi Kabwe niliendesha 40 nyuma ya basi, na Lusaka niliingia kesho yake.

Ndiyo maana nasema kilomita 200 za mwisho, Kapiri hadi Lusaka, zinastahili kuendeshwa asubuhi na mtu aliyelala. Pale Kapiri barabara yenu ya Tunduma inaungana na ya Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba. Malori ya shaba ya Zambia na ya Kongo, mabasi, magari madogo ya watu wenye haraka, vyote vinamiminika kwenye mkondo mmoja. Kuna kazi ya kuipanua barabara ya Lusaka hadi Ndola iwe ya njia mbili kila upande, kwa hiyo tegemea michepuko, vumbi, na wafanyakazi wenye bendera. Na kwa mpango wako ungeikuta sehemu hiyo usiku, mwili umekwisha.

Mpango wangu kwako ni huu. Jumatano toka Makambako asubuhi. Hadi Tunduma ni kama 270, unaijua njia. Mchana vuka mpaka bila papara, lala Nakonde. Alhamisi endesha Nakonde hadi Serenje, kilomita kama 600. Hiyo ndiyo siku yako ndefu na inatosha kuitwa ndefu. Ijumaa saa 12 asubuhi toka Serenje, 400 zilizobaki, saa 7 au 8 mchana uko Lusaka unaoga, jioni unahudhuria kicheni pati kama kuna kicheni pati. Umeongeza siku moja tu na kitanda kimoja.

Sasa tuiendeshe hiyo Alhamisi pamoja.

Ukitoka Nakonde jua liko nyuma yako upande wa kushoto, na kivuli chako kirefu kinakimbia mbele yako. Kinapendeza, lakini kina habari: kikiwa kirefu hivyo, dereva anayekuja upande wa pili ana jua machoni na hakuoni. Saa ya kwanza na nusu washa taa kubwa, vaa kizibao cha kung'aa, na usiamini kwamba gari linalotaka kupita lori limekuona. Humo barabarani kuna magari ya IT, yale yanayoshushwa bandarini Dar yakaendeshwa kwenda Zambia na Kongo. Unawajua madereva wake. Wanalipwa kwa safari, si kwa saa, na wengine hawajalala tangu Chalinze.

Kuna baridi pia. Wewe wa Makambako baridi unaijua, lakini unaijua ukiwa umesimama. Uwanda ule uko juu, mita 1,200 hadi 1,400 na zaidi, na Juni alfajiri kuna baridi ya kuumiza vidole. Vidole vikifa ganzi, breki ya mbele unaikamata kwa kukisia. Glovu mbili, ya sufi ndani na ya ngozi nje, na gazeti lililokunjwa kifuani chini ya koti. Gazeti halijapata mpinzani. Saa 4 utalitoa na kulisoma.

Barabara yenyewe ni Barabara Kuu ya Kaskazini, na ili uelewe kwa nini inachosha inabidi ujue kwa nini iko pale ilipo. Imepanda mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha kulia kwako inakwenda Kongo, inayonyesha kushoto kwako, kwa sehemu kubwa ya njia, inakwenda Luangwa na Zambezi. Mtu akitaka kujenga barabara bila madaraja makubwa anafuata mgongo kama huo, kwa hiyo mito utakayovuka ni midogo, na milima unaiona kwa mbali kushoto. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri, inazungukia Kasama mbali kulia kwako, na kuanzia Mpika itakuwa inakukaribia na kukukimbia. Bomba la mafuta la TAZAMA, la 1968, nalo limelala maeneo hayo likielekea Ndola. Kabla ya bomba kulikuwa na malori. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Novemba 1965, njia ya mafuta ya Zambia ya kusini ikafungwa, mapipa yakaanza kubebwa kutoka Dar kwa barabara ya udongo, vumbi kiangazi na tope masika, malori yakipinduka na kuungua hadi wazungu wakaiita njia ya jehanamu. Wazee wa Mbeya waliokuwa matanboi enzi hizo bado ukiwauliza watakuambia walivyolala juu ya mapipa.

Faida ya mgongo ni kwamba lami imenyooka. Hasara yake ni hiyohiyo. Miombo kulia, miombo kushoto, kilomita 50 bila kona ya maana. Usingizi wa pikipiki hauji kwa kufumba macho kama wa gari. Unakuja kwa njia ya kuduwaa: unashtuka umepita kijiji na hukumbuki kijiji. Ikikutokea mara moja, simama hapohapo, usisubiri kituo. Shuka, vua helmeti, tembea hatua mia, kunywa maji. Mimi nina mtindo wa kuimba kwa sauti ndani ya helmeti. Nikiona nimenyamaza bila kujua, nasimama.

Tuseme kidogo kuhusu upepo, maana huko kwetu Kitonga na Iyovi milima inakukinga na huenda hujakutana nao vizuri. Kiangazi unavuma kutoka kusini mashariki, na wewe unaelekea kusini magharibi, kwa hiyo unakupiga bega la kushoto siku nzima. Bila kujua utakuwa unaendesha pikipiki imelalia kushoto kidogo. Sasa unataka kulipita tela. Unatoka kwenda kulia, na ghafla tela linakukinga, upepo umekata, pikipiki inataka kuanguka upande wa lori. Unaisimamisha. Unafika kwenye kichwa cha lori, unatokeza mbele yake, na upepo wote unakurudia kwa kofi moja, unakusukuma kulia, yaani kwenye njia ya wanaokuja. Pikipiki yako ni nyepesi na ndefu kwa kwenda juu, inaathirika kuliko nyingi. Kwa hiyo usilipite lori mpaka uone kwamba hata ukisukumwa mita moja na nusu hakuna wa kukutana naye. Inamisha kifua kwenye tanki, legeza viwiko, na usirudi kushoto mapema.

Mafuta. Hapa nisikilize kwa makini kuliko pengine pote. Tanki lako ni lita 8 kasoro. Kwa mwendo wa 90 na upepo ule usitegemee zaidi ya kilomita 27 au 28 kwa lita. Hiyo ni kilomita 210, tanki likikauka kabisa. Nakonde hadi Mpika kama 370, lakini katikati kuna Isoka na Chinsali. Miji yenyewe imejitenga kidogo na barabara kuu, kwa hiyo ukiona pampu inayouza, jaza hata kama tanki liko nusu. Kutoka Mpika hadi Serenje ni kama 235, na hapo kati usihesabu kituo chochote. Umeona? Tanki lako linaishia porini kilomita 25 kabla ya mji. Beba kidumu cha lita 5, kile kigumu cha petroli chenye mpira kwenye mfuniko, usichukue cha mafuta ya kula. Kile hupumua kwenye jua na utanukia petroli hadi kanisani. Vijijini wanauza petroli kwenye chupa za soda, na hiyo ni ya mwisho kabisa, maana pikipiki yako ni ya injekta, na injekta haina msamaha wa kabureta. Maji kidogo tu inaanza kukohoa.

Mpika ndipo mahali pa kula. Ni mji wa reli, karakana ya TAZARA iko pale, na ukipanga vizuri utafika kabla ya saa 7 mchana. Ukiagiza ugali utaambiwa nshima, na Wabemba wenyewe wanauita ubwali. Ukisikia mama anauza vitumbuwa usitarajie vya mchele vya kwetu. Ni vya ngano, vya mviringo, binamu wa andazi. Vinashikilia tumbo vizuri. Na sokoni Mpika utaona kitu kimekatwa vipande kama soseji nene, rangi ya udongo. Hiyo ni chikanda. Watu wa Makete na Njombe wanaichimba kwenye nyanda zetu, ni viazi vya okidi, inavuka Tunduma kwa magunia. Hifadhi ya Kitulo ilipotangazwa mwaka 2005 mojawapo ya sababu ilikuwa hiyo biashara. Wao wanaisaga na karanga, wanaipika na magadi hadi igande. Onja kipande, ujue maua yetu yanaishia wapi.

Kiswahili kitakufikisha Nakonde yote na Isoka kidogo, kisha kinafifia. Lakini Kibemba ni ndugu. Nyama ni inama, maji ni amenshi, njia ni inshila, mtu ni umuntu. Asubuhi sema "mwashibukeni", mchana "muli shani", na chochote unachosema malizia na "mukwai", ambalo ni neno la heshima kama shikamoo iliyosambazwa kwenye sentensi nzima. Asante ni "natotela", na ukitaka kuzidisha sema "natotela sana", hiyo sana ni ileile. Kwenye kituo cha polisi zima injini, vua helmeti kabisa ili uso uonekane, salimia kwanza, karatasi baadaye. Mwanamke peke yake juu ya pikipiki atasimamishwa zaidi kwa kushangaa kuliko kwa kosa. Tenga dakika za kuulizwa maswali, na jibu fupi kwamba unakwenda harusini hufungua geti upesi kuliko leseni.

Kati ya Mpika na Serenje lami imekuwa ya mashimo kwa miaka, yanazibwa, yanarudi. Shimo la pale si la kutisha kwa tairi lako la inchi 21 la mbele. La kutisha ni lori linalolikwepa. Lori likiona shimo upande wake linakuja kwako bila kuomba. Kila ukiona lori mbele, angalia lami iliyo mbele ya lori, si lori lenyewe, utajua litakwenda wapi. Mwezi huo pia wanaanza kuchoma nyasi, na moshi mwingine unakatiza barabara mzito kabisa. Usiingie kwenye moshi usiouona mwisho wake. Subiri.

Kabla ya Serenje, upande wa kulia, kuna njia panda ya kwenda Samfya. Kibao kitakukumbusha somo la historia: ndani huko, kijijini kwa Chitambo, ndipo Livingstone alipofia mwaka 1873. Moyo wake ukazikwa chini ya mti, na watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwa miguu. Utatamani kukata kulia ukaone. Usikate siku hiyo. Njia ni ndefu, tanki ni dogo, na jua litakuwa limeshalegea. Pita wakati wa kurudi, ukiwa na siku mkononi.

Serenje ingia saa 10 jioni, tafuta nyumba ya wageni yenye uzio na mlinzi, ingiza pikipiki ndani. Kabla ya kuoga fanya mambo matatu wakati injini ina joto. Paka cheni oili, maana ikiwa moto inaingia kwenye rola vizuri. Pitisha mkono kwenye matairi ukitafuta msumari. Gonga spoku za nyuma moja moja kwa spana ndogo: zote zitoe mlio, yenye sauti ya mbao imelegea. Oili ya injini ipime asubuhi: washa injini dakika 3 hadi 5, izime, subiri dakika 2 au 3, kisha pima pikipiki ikiwa imesimama wima. Injini ndogo ikikimbizwa 90 siku nzima inaweza kunywa oili hata kama nyumbani hainywi, na wewe una lita moja na nusu tu na kidogo humo ndani. Beba nusu lita ya akiba.

Akiba nyingine usijaze duka. Tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, vyuma vya kufungulia tairi, pampu ya mkono, kiunganishi cha cheni, waya wa klachi, plagi moja, balbu, waya wa kufungia na tepu nyeusi. Boxer na ndugu zake zimejaa kule na fundi yupo kila mji, ila spea za CRF hutazipata njiani. Kama hujawahi kutoa tairi la nyuma mwenyewe, njoo gereji Jumamosi moja kabla ya safari tulitoe pamoja. Mara ya kwanza inachukua saa nzima na matusi, ya tatu dakika 25.

Ijumaa ni fupi kusimulia. Serenje hadi Mkushi asubuhi ni sehemu tamu kuliko zote. Karibu na Mkushi miombo inafunguka, unaona mashamba makubwa ya ngano ya umwagiliaji, kijani kibichi katikati ya kiangazi, na mabomba marefu yanayojizungusha yenyewe. Kapiri utafika saa 3 na nusu au saa 4. Jaza, kunywa chai, kisha jipange na malori. Kutoka hapo usishindane na mtu. Kabwe pitia katikati polepole, na ukikaribia Lusaka baiskeli na watembea kwa miguu wanaongezeka kuliko unavyodhani. Mjini usiingie na foleni ya jioni ya Ijumaa. Ukifika saa 8 umeiwahi.

Sasa sare. Ekzosi ya CRF iko kulia, imepanda juu, na mfuko wowote utakaoning'inia upande huo utayeyuka kabla ya Isoka. Nimeona koti la suti la bwana harusi limepigwa pasi na ekzosi, alama imebaki mgongoni kama nembo ya jeshi. Kitenge chako usikikunje. Kizungushe kwenye bomba la plastiki la maji la inchi mbili, weka ndani ya mfuko wa nailoni, kaza kwa mpira pande zote mbili, kisha ulifunge bomba kwenye kiti nyuma yako kwa kulala, kushoto lisizidi upana wa usukani. Juu yake weka begi laini la nguo. Viatu vya kisigino vitie kila kimoja ndani ya soksi ya sufi, kimoja kimoja, soksi hizohizo utazivaa alfajiri ya Serenje. Kidumu cha petroli kikae kushoto chini, mbali na ekzosi na mbali na sare, na kila ukisimama kukojoa pitisha kidole kwenye mfuniko wake.